Reli Iliyofika Mara kwa Maji

Tandaza mezani ramani ya reli za Tanzania. Reli ya Kati inatoka Dar es Salaam hadi Kigoma, huku ikitupa tawi moja Mwanza na jingine Mpanda. Ya Tanga inapanda hadi Moshi na Arusha. TAZARA inakata kusini-magharibi mpaka Tunduma, kisha inaingia Zambia. Mkoa wa Mara umebaki mweupe. Buhemba, Butiama, Bunda, Tarime: hakuna hata mstari mmoja. Mgeni angedhani watu wa huku reli wanaisikia kwa wenzao tu.

Hata hivyo, bandari ya Musoma ilijengewa gati la mabehewa. Reli zake, zenye upana wa mita moja, zinaelekea majini na haziungani na njia yoyote ya nchi kavu. Behewa lililofika hapo lilikuwa limevuka ziwa likiwa juu ya meli. Na kusini-mashariki mwa Musoma, Buhemba, palikuwa na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa katika miaka ile ile ambayo vijana wa JKT walikuwa wakiitwa kwenda kujenga reli kubwa ya kusini. Kwa njia hizo mbili, ya maji na ya mikono ya vijana, Mara iliingia katika historia ya reli bila kuwa na stesheni. Ndiyo maana kumbukumbu za reli huku ni za kazi zaidi kuliko za safari.

1896–1914: Mvuke wafika ziwani

Chanzo cha yote ni Mombasa. Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kuelekea Uganda, wakiitegemea nguvu ya vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walifia kazini, wengi kwa maradhi, na baadhi kwa simba wa Tsavo mwaka 1898. Desemba 1901 reli ikafika ukingo wa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo.

Reli ile iliitwa ya Uganda lakini iliishia kabla ya kufika Uganda ya leo, kwa sababu mbele yake palikuwa na maji. Hapo ndipo shirika la reli lilipolazimika kuwa pia shirika la meli. Ya kwanza, William Mackinnon, ilikuja kutoka Uskoti ikiwa vipande, ikabebwa na wapagazi, ikaunganishwa ziwani na kushushwa majini mwaka 1900. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill. Mabaharia wake walikuwa watumishi wa reli, na mizigo yao ilikuwa ya reli.

Ziwa halikuujua mpaka uliochorwa na wakubwa wa Ulaya. Upande wa Wajerumani, Reli ya Kati ilikuwa bado mbali; haikufika Kigoma hadi 1914. Kwa hiyo ngozi na mazao mengine ya pwani ya kusini ya ziwa, kuanzia Mwanza, yalipakiwa katika meli za Waingereza, yakapelekwa Kisumu, na kutoka hapo yakapanda treni kwenda Mombasa. Biashara ya koloni la Kijerumani ilipita katika reli ya mshindani wake. Uso wa pwani ya Mara ukaelekea kaskazini, na hali hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne.

1914–1947: Vita, dhahabu na tawi la Mwanza

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, meli za reli zilifungwa mizinga. Novemba 1914 Sybil iligonga mwamba ikakwama pwani ya Majita, katika ardhi ya Wajerumani, si mbali na Musoma. Ilikaa pale miezi kadhaa hadi Waingereza walipoinasua mwaka 1915 na kuirudisha kazini. Julai 1916 meli hizo hizo zikawabeba askari walioiteka Mwanza.

Amani iliporudi, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, reli kutoka Tabora iliifikia Mwanza mwaka 1928. Mwanza ikageuka mji wa reli. Musoma haikupata tawi, ila ilipata nafasi ya kuchagua: meli ya kaskazini kwenda Kisumu na treni ya Mombasa, au meli ya kusini kwenda Mwanza na treni ya Dar es Salaam. Kwa mtoto wa Mara aliyefaulu kwenda shule ya serikali Tabora, njia ya kawaida ilikuwa kutembea hadi Musoma, kupanda meli hadi Mwanza, kisha kupanda treni. Mwaka 1937 mmoja wa waliotoka Musoma kwenda kusoma Tabora alikuwa kijana wa Butiama, Julius Kambarage Nyerere. Miaka thelathini baadaye jina lake litaandikwa katika historia ya reli nyingine.

Wakati huo vilima vya Buhemba na Kiabakari vilikuwa vikichimbwa dhahabu. Mgodi hula chuma, mafuta, saruji na vipuri, na eneo lisilo na reli vitu hivyo hulifikia kwa bandari. Buhemba ikaifanya Musoma kuwa mlango wake. Migodi hiyo pia iliwazoesha wanaume wa vijiji vya jirani kazi za mshahara: kuamka kwa king'ora, kufuata zamu, kumsikiliza mnyapara, kupanga foleni mwisho wa mwezi. Kwa miaka mingi watu wa Mara walivuka pia kwenda Kenya kutafuta vibarua. Alipokuja kuhitajika mtu wa gengi la reli au wa gati, Mara haikuwa na uhaba wa mikono iliyozoea sururu.

1948–1966: Mabehewa yapanda meli

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kuajiriwa reli kulimaanisha sare, nyumba ya kota, pasi ya kusafiria likizo, na matumaini ya kiinua mgongo. Karani wa mizigo, baharia wa meli, fundi wa boila na mtu wa gengi walihamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine bila kuulizwa kabila. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi kabla hakijatangazwa kuwa lugha ya taifa.

Haikuwa raha tupu. Mishahara ilipangwa kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika ndiye aliyekaa chini kabisa. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika, chini ya chama chao kilichoongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Reli iliwafundisha watu kazi, ikawafundisha pia kudai haki ya kazi hiyo.

Mageuzi makubwa kwa Musoma yalikuja katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1961 meli ya abiria Victoria ilikuwa imeingia majini na kufupisha safari za kuzunguka ziwa. Kisha zikaja meli mbili za mabehewa, Umoja na Uhuru. Kabla yao, kila gunia lililotoka Mombasa lilishushwa Kisumu, likabebwa mgongoni hadi melini, na likifika Musoma likashushwa tena. Kila mkono ulioligusa ulilipwa, na kila mguso ulikuwa nafasi ya gunia kupasuka au kupotea. Sasa behewa lenyewe lilipanda meli, na lakiri iliyopigwa pwani ingeweza kukatwa Musoma.

Kulipakia behewa ni kazi ya ustadi. Meli inafunga gati kwa nyuma. Daraja la chuma linashushwa mpaka reli za nchi kavu na reli za sitaha zikutane bila kupishana hata kidogo, maana tofauti ndogo tu inalitoa gurudumu njiani. Ziwa nalo halitulii mahali pamoja: kati ya 1961 na 1964 mvua kubwa zililipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2. Kwa sababu hiyo daraja la namna hii hupandishwa na kushushwa kufuata maji. Mabehewa husukumwa polepole, na mtu wa ishara husimama mahali dereva anapomwona, bendera mkononi. Uzito lazima ugawanywe, kwani ukijaza upande mmoja kwanza meli inalala. Behewa likikaa mahali pake, breki zinafungwa, vizuizi vinawekwa magurudumuni na minyororo inakazwa. Meli moja ilibeba karibu mabehewa 20. Ikiwa katikati ya ziwa, garimoshi zima lilikuwa safarini bila kichwa na bila moshi wake.

Kwa watu wa gatini mabadiliko haya yalikuwa na pande mbili. Kazi ya kubeba ilipungua, na kazi iliyohitaji kusoma, kuhesabu na kuelewa ishara ikaongezeka. Ile sifa ya mtu wa reli kuwa mtu wa saa na wa maandishi ilipata nguvu Musoma wakati huo.

1963–1969: Buhemba na shule ya kujitolea

Tarehe 10 Julai 1963 ilianzishwa JKT. Waliojiunga mwanzoni walikuja kwa hiari: vijana waliokubali kukaa kambini, kulima, kujenga, kujifunza ufundi na kulinda nchi kwa posho ndogo. Mwaka 1966 serikali ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wasomi nao wajiunge. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga, karibu 400 wakarudishwa makwao, na Mwalimu Nyerere akapunguza mishahara ya viongozi, akianza na wake. Tangu hapo JKT ikawa na milango miwili, wa kujitolea na wa mujibu wa sheria, na kambini waliokuja kwa milango yote miwili wakalala bweni moja.

Buhemba ikawa mojawapo ya kambi hizo. Palifaa: ardhi ya kulima, mji wa zamani wa mgodi, na umbali kutoka starehe za mjini. Ratiba ya kambi za JKT haikutofautiana sana. Mchakamchaka alfajiri kabla jua halijachomoza, chenja zikiitikiwa kwa pumzi moja, kwata, kisha majembe mabegani kwenda shambani. Kuruta alifundishwa kutandika kitanda, kushika bunduki na kuchimba msingi wa nyumba. Zaidi ya yote alifundishwa kwamba kazi ngumu ikifanywa na kundi, kwa wimbo, na kwa jina la nchi, mwili unaibeba.

Wakati vijana wanapikwa hivyo, kusini mambo yalikuwa yamechafuka. Zambia, iliyopata uhuru Oktoba 1964, ilisafirisha shaba yake kwa reli za Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta imekabwa koo. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968, na malori yakapambana na barabara ya tope. Shaba ilihitaji reli. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi hayakuona faida yake. Mwalimu alikuwa ameitembelea China Februari 1965, na tarehe 5 Septemba 1967 mkataba ukasainiwa Beijing kati ya China, Tanzania na Zambia. Masharti yalikamilishwa Julai 1970: mkopo usio na riba wa yuani milioni 988, wa kulipwa kwa miaka 30.

1970–1976: Reli ya Uhuru

Tarehe 26 Oktoba 1970 marais Nyerere na Kaunda walizindua Dar es Salaam ujenzi wa reli hiyo, yaani TAZARA au Reli ya Uhuru. Kilichofuata ni uhamaji wa wafanyakazi ambao Tanzania huru haikuwa imewahi kuuona. Wachina walikuja kwa meli, wengi kwa zamu za miaka michache, na mwaka 1972 Waafrika waliokuwa kazini walikaribia 38,000. Waajiri walitaka watu waliozoea nidhamu na kambi, na JKT ilikuwa nayo hazina hiyo. Kijana aliyemaliza mafunzo alikuwa tayari anajua kulala hemani, kuamka kwa filimbi na kufuata amri bila kunung'unika.

Sehemu ya kwanza, Dar es Salaam hadi Mlimba, ilipita tambarare na bonde la Kilombero na ikaenda mbio. Kilichowapima watu ni kilomita 157 kutoka Mlimba hadi Makambako, ambako reli inaupanda ukuta wa nyanda za juu. Kuna korongo baada ya korongo, udongo unaoteleza mvua ikinyesha, na mahandaki 18 katika kipande hicho pekee. Nguzo za daraja la Mpanga zinasimama mita 50 kutoka bondeni. Mang'ula palijengwa karakana na kiwanda cha mataruma ya zege, kwa kuwa mchwa wa Kilombero wangeyamaliza ya mbao.

Ufundi ulihama kutoka mkono hadi mkono. Mtaalamu wa Kichina hakujua Kiswahili na kibarua hakujua Kichina, kwa hiyo mmoja alifanya, mwingine akatazama, kisha akafanya yeye. Hivyo ndivyo walivyojifunza kuchoronga mwamba, kusuka nondo, kupima mteremko na kushindilia kokoto chini ya taruma kwa mitaimbo, watu wakipanga mdundo ili wote wapige kwa pamoja. Wengine walipelekwa Beijing kusomea uhandisi wa reli, na chuo kikajengwa Mpika, Zambia. Kwa mshahara, vijana walinunua baiskeli, redio na mabati. Bidhaa za Kichina zilijaa maduka ya nchi nzima kwa sababu mauzo yake ndiyo yaliyogharimia sehemu ya ujenzi. Hata mteja wa duka la Musoma aliichangia reli kila aliponunua kitu kutoka China.

Gharama nyingine ililipwa kwa damu. Zaidi ya Wachina 60 walikufa, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Gongo la Mboto, nje ya Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia waliokufa ni zaidi ya 100, na makaburi yao yametawanyika vijijini kwao.

Agosti 1973 reli iligusa mpaka Tunduma. Juni 1975 ikafika Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, na tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Waliobahatika waliajiriwa kuwa madereva, magadi, mafundi na watu wa gengi. Waliobaki walirudi kwao na ujuzi wa zege, wa chuma na wa kuongoza watu.

1977 hadi leo: Gati linapoa

Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na reli na meli za pamoja, ilivunjika. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi 1983. Kwa Musoma pigo lilikuwa zito kuliko kwa Mwanza au Dar es Salaam, kwani uso wake ulikuwa umeelekea Kisumu kwa miaka 70. Meli ziligawanywa: Uhuru ikabaki Kenya, Umoja na Victoria zikaja Tanzania. Watumishi nao waligawanywa, na wastaafu wa Jumuiya iliyokufa walihangaikia mafao yao hadi miaka ya 2000, wengine wakafa wakingoja.

Mpaka ulipofunguliwa, malori yalikuwa yameshachukua nafasi. Barabara ya lami ya Mwanza, Musoma na Sirari haikuhitaji meli wala kungoja daraja lishushwe. Shirika la Reli la Tanzania lenyewe lilidhoofika, na mwaka 1997 huduma za meli zikatengwa nalo kuwa kampuni nyingine. TAZARA nayo haijawahi kufikia tani milioni 2 kwa mwaka ilizokusudiwa. Sababu ni nyingi: ukarabati uliocheleweshwa, malori, na siasa za kusini zilizobadilika. Rhodesia ilipogeuka Zimbabwe mwaka 1980, njia za zamani za shaba zikafunguka tena, na reli iliyojengwa kuvunja mzingiro ikapoteza sababu yake kubwa.

Siku hizi upepo unageuka. Kenya ilifufua meli yake ya Uhuru mwaka 2019 ili ibebe mabehewa ya mafuta kwenda Uganda. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Reli ya kisasa inajengwa kuelekea Mwanza, na mpango wa reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma umekuwa mezani kwa miaka mingi, ukiongozwa na wazo lile lile la zamani: kuiunganisha bahari na Uganda kwa kupitia ziwa.

Mtu huweza kushangaa kwa nini wazee waliopasua miamba kwa ujira mdogo huisimulia kazi hiyo kwa furaha. Jibu liko katika walichokipata. Kijana aliyetoka kijijini akiwa hana cheti alirudi fundi. Aliyekuwa anajua lugha ya nyumbani tu alirudi na marafiki wa Songea, Kigoma na Tanga. Na kazi yake ilionekana: daraja lilisimama, treni ikapita juu yake. Kazi nyingi za maskini hazina ushahidi wa namna hiyo.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 leo amepita 75. Nairobi ina makumbusho ya reli tangu 1971. Butiama ina makumbusho ya Mwalimu, aliyetia nguvu zake katika Reli ya Uhuru, lakini majina ya walioijenga hayajakusanywa huku Mara. Mikataba ya Beijing imehifadhiwa vizuri. Vitabu vya mishahara, vyeti vya JKT na picha za gengi ziko kwenye masanduku ya bati majumbani, na mchwa hawachagui. Halmashauri za Musoma na Butiama, shule na vyuo vya mkoa vinaweza kuanza kwa kazi isiyohitaji mkopo wa mtu: kuwatuma wanafunzi na daftari wakaandike jina la kila mzee aliyeshika mtaimbo wa reli au minyororo ya meli, mwaka aliotoka nyumbani na kazi aliyoifanya. Wanafunzi watakaoifanya kazi hiyo watakuwa nao wamejitolea.